Mtetemo Chini ya Kiti cha Kerttu

Jumamosi, 12 Aprili

Wiki ya sita tangu nipande meli Tallinn, kwetu Estonia, nikavuka kuja Ufini. Nilimwambia mke wangu Maire kwamba nitarudi kabla ya kupanda viazi. Nikitazama kazi iliyoingia leo, naona nimeshamdanganya.

Gereji ya Taisto iko nje ya Kauhava, shamba upande huu, shamba upande ule, theluji chafu bado imelala chini ya paa. Mimi nachomelea vyuma. Shule ya ufundi niliiacha katikati, kwa hiyo hapa naitwa msaidizi, ingawa anayeshika mashine ya kuchomelea toka asubuhi hadi jioni ni mimi.

Kazi yenyewe ni pikipiki ya Kerttu. Huyu mama aliendesha lori la maziwa wilaya nzima mpaka kiharusi kilipomwangusha vuli ya mwaka juzi. Mguu wa kushoto anautembeza, lakini haumwambii kitu. Akisimama kwenye taa, pikipiki inamlalia. Basi anataka tulitoe gurudumu la nyuma, tuweke ekseli ya gari ndogo, iwe na miguu mitatu isimame yenyewe. Pikipiki hii haina mnyororo, inaendeshwa kwa propela, chuma kirefu kinachozunguka, kinachotoka kwenye giaboksi na kupita karibu na kisigino cha kushoto. Propela hiyo inabidi ikatwe, irefushwe, iungwe na difu ya gari, lile bakuli la gia katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu.

"Mwezi mmoja," Taisto akamwambia.

"Mwezi upi?" akauliza Kerttu. "Wewe miezi yako huwa mirefu."

Jioni sauna, kile chumba chao cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Sheria yao ni moja: saunani hakuna ugomvi. Kwetu Võrumaa ni vilevile, ila kwetu watu hugombana kwanza ndipo wakaoge. Taisto hunialika sauna kila anapoona nimekunja uso. Leo niliukunja kwa sababu alinipa godoro lenye unyevu. Nikaoga, nikanyamaza, nikalala kwenye unyevu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua juu ya theluji. Nimefungua nati zenye kutu siku nzima.

Jumatano, 23 Aprili

Kerttu amekuja tena. Ni mara ya tatu wiki hii. Anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, fimbo mapajani, anatoa amri kama yuko kwenye usukani wa lori lake.

"We Mwestonia, hiyo ekseli imekaa upande."

"Haijakaa upande, mama. Wewe ndiye umekaa upande."

Akacheka, mimi sikucheka. Nimechoka kutazamwa nikifanya kazi. Anaongea na Taisto juu ya safari za zamani, mpaka kaskazini kabisa ambako barabara inaishia baharini, halafu ananigeukia mimi kuniuliza kama kwetu kuna lami.

Kuna lami, bibi we. Tena haina mashimo kama hii yenu.

Alhamisi, 1 Mei

Leo nimefanywa kichekesho mbele ya kijiji kizima, na nitaandika mpaka hasira ishuke.

Ni sikukuu ya Mei Mosi. Watu wamevaa kofia zao nyeupe za shule, wazee kwa vijana, wanakunywa kinywaji chao cha ndimu na kula maandazi ya sukari. Chama cha pikipiki kilikusanyika uani kwetu kufungua msimu. Taisto alikuwa ameshawatangazia kwamba Kerttu ataendesha leo. Tulifunga ekseli jana usiku kwa mwendo wa kukimbizwa. Hakuna aliyezungusha propela kwa mkono akatazama magurudumu yanaelekea wapi. Si yeye, si mimi.

Kerttu akapanda. Akavaa helmeti, akawasha, akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi kwa madaha. Pikipiki ikarudi nyuma. Ikarudi moja kwa moja hadi kwenye meza ya kahawa, birika likaruka, maandazi yakamwagika kwenye matope. Akaweka gia ya pili, ikarudi nyuma kwa kasi zaidi.

Propela ya pikipiki hii inazunguka kinyume na ya gari tulikotoa difu. Basi.

"Taisto!" Kerttu akapiga kelele. "Umenipa gia tano za kurudi nyuma! Nikienda kwa dada yangu nifike kisogo kwanza?"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Na Taisto, mbele ya wote, akanionyesha kwa kidole: "Ekseli kafunga Mwestonia. Kwao labda wanaendesha hivyo."

Sasa jina langu hapa ni Kinyumenyume. Hata yule mwenye duka ameniita hivyo jioni niliponunua mkate. Tulikosea wawili, lakini aliyebeba ni mmoja, yule asiye na ndugu hapa.

Jumamosi, 3 Mei

Nilijiandaa kumwambia Taisto ukweli. Nikapanga maneno tangu asubuhi. Saa kumi na moja akatoka na taulo begani: "Sauna iko tayari, bwana."

Nikaketi juu ya ubao na maneno yangu yote mdomoni. Yakayeyuka na jasho.

Ijumaa, 9 Mei

Dawa ya kurudi nyuma ni kuipindua ekseli tumbo juu. Tumeipindua. Sasa tundu la kupumulia la difu, lililokuwa juu, limekuwa chini, na mafuta yanatiririka kama bomba bovu. Nimeziba, nimetoboa jipya juu. Nimekunywa mafuta ya difu leo, nimeyala, nimeyalalia.

Tena mlango wa kuingilia propela umepanda juu, kwa hiyo propela tuliyoirefusha haifai, si kwa urefu wala kwa mlalo. Ikatwe mara ya pili.

Jumamosi, 17 Mei

Maire amepiga simu. Viazi wamepanda yeye na jirani. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatatu, 19 Mei

Jana nilikuwa nimelala. Kumbe Taisto aliingia gereji peke yake akakata propela na kuichomelea mwenyewe. Leo nimeikuta imeshafungwa, imepakwa na rangi nyeusi.

"Mbona hukuniita, mzee?"

"Nilimwahidi Kerttu nitaichomelea kwa mkono wangu. Mimi na yeye tumejuana tangu hatujaota meno."

"Lakini mchomeleaji ni mimi."

"Na gereji ni yangu."

Nikakwaruza rangi kidogo kwa ukucha. Ule mshono! Umepanda na kushuka kama nyoka aliyelewa. Na masikio ya krosi, ile misalaba ya chuma inayounga ncha za propela, yale ya mbele na yale ya nyuma, ambayo lazima yalale mstari mmoja, haya hayakulala mstari mmoja. Watu wa hapa wamenihadithia kwamba Taisto alikuwa fundi wa kuchomelea asiye na mfano, kwamba mishono yake ilionyeshwa wanafunzi. Basi kwangu mimi hii ni dharau tupu. Anajua kazi nzuri ni ipi, ameamua huyu mama apewe mbovu ili asinishukuru mimi.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeijaribu barabarani. Polepole hakuna neno. Nilipofika mwendo wa themanini, kitako kikaanza kuwasha, meno yakagongana, vioo vikapoteza picha. Nikapunguza nikarudi.

"Inatetemeka, mzee."

Taisto akapanda mwenyewe, akaenda hadi daraja la mto, akarudi. "Haitetemeki."

"Shika hapa, ikiwa imewashwa, magurudumu juu ya jeki." Nikaupeleka mkono wake hadi kwenye fremu. Akashika. Akanitazama usoni bila hata kupepesa.

"Sisikii kitu. Twende sauna."

Sijawahi kuona mwongo mwenye uso mtulivu namna ile.

Jumanne, 27 Mei

Mvua.

Jumatano, 28 Mei

Mvua. Nimesema tena. "Haitetemeki, bwana, unajitetemesha mwenyewe."

Jumatatu, 2 Juni

Taisto amenunua mpira mnene, ule wa kuwekwa chini ya mashine kubwa za viwandani. Ameukata, ameuweka chini ya kiti, juu ya sehemu za kuwekea miguu, hata kwenye mishikio. Nikampanda tena yule mnyama. Kweli, mtetemo haufiki mwilini. Lakini propela bado inajipiga pale chini kama mtu aliyefungwa kwenye gunia.

"Hebu niambie," nikamwuliza, "umeondoa ugonjwa au umemziba mgonjwa mdomo?"

"Nimekuondolea wewe sababu ya kulalamika. Nilidhani utashukuru."

Nieleze hapa ili mtu akiisoma siku moja aelewe kwa nini nina hasira. Propela ikikatika mbele wakati mtu yuko mwendo wa mia, ncha ya propela inachoma lami na chombo chote kinarushwa juu. Isipochoma lami, inazunguka huru na kukata kilicho karibu, na kilicho karibu ni mguu wa kushoto wa Kerttu. Mguu ambao hausikii. Kerttu hawezi kuonywa na mguu wake, Taisto anasema hasikii, kwa hiyo katika gereji hii mwenye ngozi ni mimi peke yangu.

Alhamisi, 5 Juni

Kerttu ameleta mkate mtamu wa iliki na kuniuliza watoto wangu wana umri gani. Nikamjibu kwa mkato. Akaketi kwenye ndoo yake, akasema bila kunitazama:

"Unajua kwa nini nakuja kila siku? Nyumbani kuna gari, daktari ameniruhusu. Lakini gari ni chumba. Nilikaa chumbani mwaka mzima nikitazama ukuta, wananifundisha kushika kijiko. Hapa kuna kelele."

Halafu akasema kwamba Ijumaa ya mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi ataenda na chama hadi pwani kwa dada yake, barabara kuu, mwendo wa watu. "Siendi nikiwa wa mwisho kwenye mstari, wananisubiri kwa huruma. Nitaenda mia kama wenzangu."

Nikatafuna ule mkate. Ulikuwa mtamu. Nikarudi chini ya pikipiki.

Jumatano, 11 Juni

Ukaguzi umepita. Mkaguzi alipima breki, taa, upana, akaizungusha uani taratibu, akagonga muhuri. Uani hakuna mtu anayefika themanini. Taisto alinipiga begani: "Umeona?" Kerttu alilia, akaficha machozi kwa kumtukana mkaguzi kuhusu masharubu yake.

Ningemwambia Kerttu, lakini neno la Kinyumenyume dhidi ya rafiki yake wa utotoni angeliamini?

Jumapili, 15 Juni

Naandika asubuhi kwa sababu jana sikuweza.

Jioni Taisto alikuja na taulo begani. Kerttu naye alikuwepo, aliketi kwenye ngazi ya nje ya sauna akichoma soseji, akisubiri zamu yake baada ya wanaume. Tukaingia. Taisto akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukapanda, akashusha pumzi kama mtu asiye na deni duniani.

Nikasema, "Mzee, ile propela itamuua."

"Hapa ni saunani."

"Najua ni wapi. Itamuua Ijumaa, na mshono ni wako."

"Aivar, nyamaza. Tutaongea nje."

"Nje huwa huongei! Nje ukiona nafungua mdomo unakimbilia huku! Toka Aprili umenifungia humu kama mbwa, kila nikitaka kusema unanimwagia mvuke! Mwongo wewe! Uliishika ile fremu ukanitazama machoni ukasema husikii kitu!"

Nilikuwa napiga kelele. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupiga kelele kwenye ule ubao. Taisto aligeuka, mwekundu, akainama kwa jiko kuongeza kuni. Mlango wa jiko una komeo la chuma, na ndoano ya mti ya kulifungulia ilikuwa imeanguka chini. Akalishika komeo kwa mkono mtupu. Akalishika, akabaki amelishika, anatafuta neno la kunijibu. Nikasikia harufu kabla hajaachia.

"Mkono!" nikasema. "Mzee, mkono!"

Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kiganja kilikuwa kimebabuka, mstari mweupe toka kidole hadi kidole. Hakupiga kelele, hakuukung'uta. Akaufunga polepole akauweka nyuma ya mgongo, mzee wa miaka sitini na kitu, uchi, akificha mkono kama mtoto aliyeiba sukari.

Nikakaa chini.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Grainda," akasema. "Miaka arobaini ya mtetemo wa kusaga vyuma na nyundo za upepo. Ilianza kwa vidole kuwa vyeupe wakati wa baridi. Sasa hata spana nikiishika lazima niitazame nijue iko mkononi."

"Kwa hiyo uliposema husikii..."

"Sikusikia. Na nikaogopa kwamba wewe unasikia."

Mlango ukagongwa kwa fimbo. "Nani anagombana saunani?" Ilikuwa sauti ya Kerttu, na ilikuwa na ghadhabu ya kweli. "Mama zenu waliwazalia wapi nyinyi? Tokeni!"

Tukatoka na taulo. Alikuwa amesimama, soseji zinaungua nyuma yake, na ninavyomjua alikuwa amesikia kila neno, lakini alianza na sauna. Alitusema kuhusu sauna mpaka pumzi ikamwishia. Ndipo akasema, "Lete huo mkono."

Taisto akauleta. Kerttu akautumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, akaushikilia humo.

"Umeniwekea mipira chini ya kitako."

"Nilidhani Aivar anatafuta makosa tu. Nikataka anyamaze."

"Na mshono ulichomelea na mikono hii."

"Nilikuahidi, Kerttu."

"Mjinga wewe. Mguu wangu umekufa mwaka juzi, kijiji kizima kinajua. Nilimwambia mwenye duka, nilimwambia kasisi, nilimwambia hadi mkaguzi. Nilifundishwa upya kwenda chooni na nikawaambia! Wewe mikono imekufa miaka yote hii ukaificha kwenye glovu, ukaniweka mimi juu yake?"

Nami niliyekuwa nimeshinda ugomvi, nilitamani nisingeshinda. Lakini hasira haikuisha, na haijaisha sasa. Kumwonea mtu huruma hakumfanyi awe hakukosea. Angeniambia neno moja mwezi wa Mei. Neno moja, "chomelea wewe," basi.

Asubuhi hii nimeikuta propela juu ya meza yangu. Ameitoa mwenyewe, na bandeji mkononi. Ameweka na bomba jipya kando yake.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekata, nimeweka bomba ndani ya bomba, nimelaza masikio ya krosi mstari mmoja juu ya meza bapa. Taisto amesimama nyuma yangu toka mwanzo hadi mwisho. Macho yake hayajafa.

"Umeipasha joto sana upande wa kushoto," akasema. "Itajikunja. Acha ipoe, rukia upande wa pili."

Alisema kweli. Ilikuwa imeanza kujikunja, mimi sikuwa nimeona. Nikaacha ipoe.

Jumanne, 17 Juni

Mjini Seinäjoki, kwa mafundi wanaobalansi propela za malori, yaani kuzisawazisha zisitetemeke. Waliizungusha kwenye mashine yao, wakaongeza kipande kidogo cha chuma upande mmoja. Mmoja wao akanitazama sana.

"Wewe si yule Mwestonia aliyepiga kelele saunani?"

Mpaka Seinäjoki!

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna aliyeniuliza habari ya propela. Dukani, kwenye pampu ya mafuta, kwa jirani mwenye ng'ombe, wote wananiuliza kuhusu sauna. Mwenye duka ameniambia kwa upole, kama mtu anayemshauri mgonjwa, kwamba huku mambo hayo hayafanywi. Nikamwambia huku pia watu hawaendeshwi barabarani juu ya chuma kilichopinda. Akasema, "Hayo ni mambo ya gereji, bwana. Sauna ni sauna." Bora wakati ule nilipokuwa Kinyumenyume.

Nimeijaribu jioni bila mipira. Themanini, tisini, mia, mia na kumi. Vioo vimetulia, nimeona nyuma yangu barabara yote mpaka kwenye miti. Nilirudi, nikaegesha, Taisto akauliza tu kwa nyusi. Nikamshika kiwiko, mahali ambapo bado anasikia, nikaukandamiza mkono wake hadi kiwiko kigusane na fremu, injini ikiwa imewashwa, magurudumu juu ya jeki.

Akainama, akakisukuma kiwiko zaidi.

"Ndiyo," akasema. "Ni injini tu."

Ijumaa, 20 Juni

Wameondoka saa nne. Kerttu hakuwa wa mwisho kwenye mstari. Mimi na Taisto tumekunywa kahawa, simu katikati ya meza. Saa saba ikalia.

"Nimefika," Kerttu akasema. "Uso kwanza."

Jumapili, 22 Juni

Kazi imeisha, narudi kwetu, na Taisto alitaka kunipeleka kwenye basi la Helsinki, iliko bandari. Kerttu amekataa. Amerudi jana kutoka pwani, na leo asubuhi amekuja uani na helmeti ya pili mkononi, ameirusha kifuani pangu.

"Umechomelea wewe. Utakaa nyuma mpaka bandarini."

"Mama, ni mwendo wa siku nzima huo."

"Unaogopa mshono wako?"

Nikasema siogopi. Nilisema haraka kuliko nilivyokusudia. Nimefunga begi langu, nimeingia chini ya pikipiki mara mbili na tochi, nikatoka, nikaingia mara ya tatu, Kerttu akinitazama kutoka juu ya ndoo akitafuna tufaha.

Tunaondoka sasa hivi. Kesho asubuhi napanda meli, na kesho jioni, kabla mioto ya Jaani, sikukuu yetu ya kiangazi, haijawashwa, nategemea kuwa nyumbani Võrumaa. Maire, ikifika giza sijaonekana, usiulize meli, uliza mshono wangu.